Mbwa wa kuokolewa karudishwa tena: tatizo ni yeye au nyumba ninazompa?

Nyota ya Jioni (mleta mada)

Habari wakuu. Naomba mawazo ya wanaojua mbwa.

Nina jike niliyemwokota akiwa mifupa mitupu, kupe mpaka ndani ya masikio. Sasa kapona, kachanjwa, kapewa dawa ya minyoo, kafungwa kizazi. Daktari wa mifugo aliangalia meno akakadiria ana mwaka mmoja na ushei. Namwita Shaba kwa ajili ya rangi yake. Siwezi kubaki naye, kwa sababu nyumbani nalea wengine kwa muda na kila anayebaki moja kwa moja anaziba nafasi ya aliyeko barabarani.

Sasa shida. Kwangu huyu mbwa ni mtulivu kabisa. Habweki ovyo, hachafui ndani. Usingizi ukimjia anachukua kiatu changu kimoja, anakibeba mpaka kwenye mkeka wake, anaweka kidevu juu yake na kulala. Hakitafuni. Lakini nikimpeleka kwa watu anageuka kiumbe kingine. Nyumba ya kwanza walisema analia mchana kutwa na amekula mlango. Ya pili wamemrudisha jana: kamngurumia mtoto, na kajaribu kutoroka. Wote ni watu wema, naomba wasitukanwe humu.

Mnadhani ni nini hasa? Na mtu wa kumchukua mbwa wa namna hii anapatikanaje?

Mzee wa Kamba

Mbwa aliyezoea barabara haliwezi geti. Mtafutie mwenye eneo kubwa na ukuta mrefu, yaishe.

Mama Wawili

Mzee wa Kamba umeshatoa hukumu na mashahidi hawajaingia. Kwa mleta mada analala mkekani na kiatu, hilo geti mbona analiweza?

Nyota, swali moja tu. Hapo kwako huwa anabaki peke yake kabisa?

Nyota ya Jioni

Sasa umenifikirisha. Hapana. Nikitoka mimi wanakuwepo mbwa wenzake, na mara nyingi kuna mtu ndani.

Msomi wa Wanyama

Swali la Mama Wawili ndilo lenyewe. Nami naongeza: mlango uliliwa wapi? Chini? Karibu na kitasa? Na vitu vingine vya nyumba vilikuwaje?

Nyota ya Jioni

Nilipewa picha. Chini kabisa, pale mlango unapokutana na fremu, mbao imechanika vipande vyembamba. Pembeni ya kitasa kuna mikwaruzo ya kucha, mingine ina damu. Viatu vilikuwa palepale sakafuni, makochi hayajaguswa hata moja.

Msomi wa Wanyama

Basi huo si utundu. Mbwa aliyechoshwa na kukaa bure anatafuna kinachomfurahisha: kiatu, mto, kona ya zulia. Mbwa anayeshikwa na hofu ya kuachwa peke yake anashambulia njia ya kutokea. Mlango, dirisha, geti. Anafanya hivyo hata kama anajiumiza, ndiyo maana unaona damu.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Washa simu irekodi, mwache peke yake, ukae nje mbali kidogo. Mara nyingi dalili zinaanza ndani ya nusu saa ya kwanza: kuhema kwa nguvu, kwenda na kurudi, udenda, kulia kwa sauti ya juu. Akianza hivyo rudi, usimwache aendelee kuteseka ili upate video ndefu.

Tiba ni kumzoesha kidogo kidogo. Unatoka kwa sekunde chache na kurudi kabla hajaogopa, kisha unaongeza. Ni kazi ya wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na wengine huhitaji dawa kutoka kwa daktari sambamba na mazoezi. Kumchapa ukirudi hakusaidii lolote, kunamfundisha aogope na kurudi kwako.

Jicho la Tatu

Mimi sikubali moja kwa moja. Mwaka na ushei ndio umri mbaya kuliko yote. Kuanzia miezi sita hivi mpaka mwaka na nusu, wengine miaka miwili, mbwa yuko kwenye ujana. Alichojua jana leo hakisikii, kitu alichokuwa akikipita bila shida anaanza kukiogopa. Mbwa wengi wanaotupwa wanatupwa umri huo huo, mtu alichukua kitoto kizuri akashtuka kukuta kijana mbishi. Mpe muda, atatulia mwenyewe.

Mama Wawili

Jicho, ujana ungemwacha mtulivu kwa Nyota halafu umpate kwa watu wengine tu? Ujana gani huo unaochagua nyumba?

Jicho la Tatu

Ule wa watoto wangu. Kwa shangazi yao malaika, nyumbani moto.

Kiroboto

Mmeukimbilia mlango mkasahau kwamba kamngurumia mtoto. Kwangu hilo ndilo zito.

Nililea dume mmoja mpole sana, siku moja akamrukia mdogo wangu aliyekuwa anampapasa kichwa. Kila mtu akasema auawe. Tukampeleka kwa daktari, akachungulia sikio la kushoto: usaha mpaka ndani kabisa. Alikuwa na maumivu siku zote hizo na hakuna aliyejua, kwa sababu mbwa hafichui maumivu kirahisi. Sikio lilipopona ukali ukaisha.

Huyu wako alikuwa na kupe masikioni. Kabla ya maneno mengine yote arudi kwa daktari, aangaliwe masikio, meno, magoti na nyonga. Na kupe huleta maradhi ya damu yanayoweza kujificha muda mrefu, uliza kipimo.

Nyota ya Jioni

Ahsante Kiroboto, nitampeleka kesho.

Kuhusu mtoto nimepiga simu nikaomba wanieleze hatua kwa hatua. Ilikuwa siku ya pili tangu afike. Kulikuwa na wageni, kelele nyingi, Shaba kajificha chini ya meza. Mtoto akaingia huko chini na kumkumbatia shingoni. Akanguruma, mtoto akalia, baba akamvuta mbwa kwa mkanda wa shingoni. Akauponyoka mkanda na kukimbilia getini.

Tumbili Mweupe

Kwa maelezo haya mbwa alifanya jambo la adabu. Kanguruma, hakuuma. Mngurumo ni onyo, na mbwa anayeadhibiwa kwa kutoa onyo anajifunza kuuma bila onyo.

Mtu kumkumbatia mbwa asiyemjua ni kumbana. Na kabla ya kunguruma lazima aliomba kwa njia nyingine: kugeuza uso, kulamba midomo wakati hakuna chakula, kupiga miayo wakati hana usingizi, kukodoa jicho mpaka weupe uonekane pembeni. Watu wazima wengi hawazijui hizo dalili, mtoto atazijuaje?

Halafu wageni siku ya pili! Tunafundishwa siku 3 za kutuliza hofu, wiki 3 za kujifunza ratiba ya nyumba, miezi 3 ya kujiona kwao. Utafiti unasema hivyo.

Msomi wa Wanyama

Tumbili nakubaliana nawe kote isipokuwa mstari wa mwisho. Hiyo 3-3-3 ni kanuni ya waokoaji, imetokana na uzoefu, si matokeo ya utafiti. Inasaidia kuwatuliza wapokeaji wasikate tamaa mapema, lakini kuna mbwa anayelala chali siku ya kwanza na kuna anayechukua mwaka. Ukimwahidi mtu miezi 3, mwezi wa nne ukifika atakurudishia.

Mzee wa Kamba

Kosa mmelifanya mapema. Jike angeachwa azae mara moja ndipo afungwe kizazi. Akishakuwa mama anatulia.

Msomi wa Wanyama

Hapana mzee wangu. Hiyo imeenea sana ila haina msingi, kuzaa mara moja hakumpi jike faida yoyote ya kiafya wala ya tabia. Kinachopatikana ni mimba ya siku kama 63 na watoto ambao kila mmoja atahitaji nyumba. Nyota anahangaika na mmoja.

Mama Wawili

Labda Mzee wa Kamba anajitolea kuwapokea wote. Ana ukuta mrefu.

Mzee wa Kamba

Ukuta ninao, Mama Wawili, nafasi ndiyo sina. Lakini nashikilia: wa barabarani hafundishiki kama aliyezaliwa nyumbani.

Kiroboto

Laika alikuwa mbwa wa mitaa ya Moscow, mzee. Wanasayansi wa Kisovieti walimwokota, wakamzoesha kukaa kwenye chumba chembamba kinachozidi kupungua, tarehe 3 Novemba 1957 wakamrusha angani ndani ya Sputnik 2. Walichagua mbwa wa mitaani makusudi kwa kuwa wamezoea baridi na njaa. Kufundishika alifundishika sana, maskini, na hakukuwa na mpango wowote wa kumrudisha akiwa hai. Mimi hiyo habari huwa inaniuma.

Msomi wa Wanyama

Mzee ana robo ya ukweli. Kuanzia wiki ya 3 mpaka ya 12 au 14 mtoto wa mbwa anajifunza kipi ni cha kawaida duniani. Kama kipindi hicho hakukutana na watoto wa watu, mashine za kufulia, ngazi, kofia, basi ukubwani vitamtisha. Hiyo ni tofauti na kutofundishika. Anafundishika, ila polepole na bila kulazimishwa.

Ukimya

Nimesoma yote kimya, leo naandika. Mimi naona mnazunguka. Huyu mbwa amempenda Nyota, basi. Mbwa akishachagua mtu habadiliki. Yule Hachiko wa Japani alimngoja bwana wake aliyekufa, hakukubali nyumba nyingine mpaka naye akafa. Alingoja miaka 12.

Jicho la Tatu

Karibu Ukimya. Ila tuweke sawa: bwana wake, profesa Ueno, alifariki Mei 1925, Hachiko akafa Machi 1935. Ni karibu miaka 10.

Na kuhusu nyumba nyingine, baada ya msiba alipelekwa kwa watu, akawa anatoroka na kurudi. Mwishoni alikaa kwa aliyekuwa mtunza bustani wa profesa, mtu aliyemjua tangu mdogo. Alikula kwake na kulala kwake, kwenye kituo cha treni alikuwa anakwenda na kurudi. Sasa mimi nasoma hapo jambo jingine kabisa: nyumba iliyomfaa ilikuwa ya mtu aliyekwisha kumzoea.

Tumbili Mweupe

Hapo Jicho umenena. Nyota, huwa unamkabidhije? Mtu anakuja, anampenda, anaondoka naye siku hiyo hiyo?

Nyota ya Jioni

Ndiyo. Nawahoji vizuri kwanza kwa simu, wanakuja, wakipendana wanaondoka. Waokoaji wengi ninaowafahamu tunafanya hivyo.

Tumbili Mweupe

Basi kwa mbwa mwoga jaribu taratibu nyingine. Waje mara kadhaa wakiwa hawana haraka, watembee naye, wamlishe wao. Wakuachie shuka au shati lenye harufu yao lilalie mkekani kwake. Siku ya kuhama aende na mkeka wake bila kufuliwa, chakula kilekile, na hicho kiatu pia. Na mkubaliane ni wiki mbili tatu za kujaribu, ili akirudi isiwe aibu kwa mtu.

Kiroboto

Mimi naogopa hilo la kujaribu. Mtu akijua ni majaribio anaachia mapema, tatizo dogo tu anapiga simu. Na mbwa anayebebwa huku na huko ndiye anayezidi kuogopa. Bora kuchuja sana mwanzoni halafu kukabidhi mara moja.

Tumbili Mweupe

Kachujwa mara zote, Kiroboto. Kwa simu.

Mzee wa Kamba

Niacheni niseme ninachokijua, jina langu hamjalipata bure. Huyo mbwa ameponyoka mkanda. Mkanda wa shingoni unatakiwa vidole viwili vipite kati yake na shingo, si vitatu wala si ngumi. Lakini mbwa mwenye hofu anarudi nyuma kinyumenyume, anainamisha kichwa, na kwa mbwa mwenye shingo nene kuliko kichwa hata mkanda uliobana unatoka.

Mvalishe mkanda wa kifuani ule wenye kamba ya pili inayopita nyuma ya mbavu, mahali pembamba pa tumbo. Huo hauponyoki kirahisi. Wiki za mwanzo awe na vyote viwili, cha shingoni na cha kifuani, na kamba mbili. Hata ndani ya ukuta asiachiwe huru mpaka ajue jina lake na ajue chakula kinatoka mkono wa nani. Na asifungwe mnyororo akaachwa, atajinyonga ukutani. Kamba ni ya kushikwa na mtu.

Mbwa akitoroka siku za mwanzo msimkimbize. Anayekimbizwa anakimbia zaidi. Kaa chini, geuka upande, weka chakula, ngoja.

Mama Wawili

Mzee, huu ndio mchango bora wa uzi mzima. Nimekusamehe mambo ya kizazi.

Mchungaji Mdogo

Mmejadili mbwa, sasa nijibu nusu ya pili ya swali: mtu anapatikanaje. Hapa naomba nisikike.

Tatizo ninaloliona kwa waokoaji ni tangazo. Tunaandika "mbwa mzuri, mpole, anapenda watoto, anahitaji upendo". Kila mbwa duniani anaandikwa hivyo. Wanajitokeza watu ishirini wanaotaka mbwa wa kwenye tangazo, wala hakuna anayemtaka mbwa aliyepo. Tangazo la kweli linafukuza watu wengi, na hiyo ndiyo kazi yake. Kwa Shaba ningeandika hivi:

"Jike, mwaka mmoja na kidogo, umbo la kati, kafungwa kizazi, ana kadi ya chanjo. Ndani ya nyumba ni mtulivu na msafi. Hawezi kuachwa peke yake kwa sasa; anaishi vizuri na mbwa wenzake. Kelele na wageni wengi vinamtisha. Anafaa nyumba ya watu wazima, ambapo mara nyingi kuna mtu, au kuna mbwa mwingine mtulivu. Haifai nyumba yenye watoto wadogo. Anapenda kulalia kiatu."

Picha iwe ya mwanga wa mchana, ukiinama mpaka usawa wa macho yake. Picha ya kutoka juu inamfanya aonekane mnyonge au mkali. Weka na video fupi akitembea.

Maswali ya kumwuliza mtu: saa ngapi kwa siku nyumba inakuwa tupu? Mbwa wako wa mwisho aliishiaje? Mkihama, yeye atakwenda wapi? Nani ndani ya nyumba hamtaki? Hilo la mwisho ndilo linaloleta ukweli. Usiulize "unapenda wanyama?", hakuna atakayesema hapana.

Mwisho wa makubaliano uandike wazi kwamba wakishindwa anarudi kwako, hapewi mtu mwingine. Mbwa anaishi miaka 10 hadi 13, wengine zaidi. Katika muda huo watu wanaugua, wanaachana, wanahama.

Jicho la Tatu

Naafiki, ila usimpe mtu bure. Anayechangia gharama kidogo anathamini. Na wapo wanaozunguka kukusanya mbwa wa bure kwa mambo mabaya: kupiganisha, kuuza.

Mama Wawili

Mimi nilipewa wangu bure, na nimemuuguza usiku na mchana. Pesa haipimi upendo, Jicho. Mwenye nia mbaya naye analipa vizuri tu kama atapata zaidi mbele.

Mchungaji Mdogo

Nyote mnazungumzia kumpima mtu kwa malipo. Nenda ukaone anapoishi. Anayekataa usifike hata getini, huyo mwache.

Kiroboto

Mchungaji, wapo watu wema wasiopenda mgeni nyumbani kwao. Mimi mmojawapo. Picha za uwanja na mazungumzo na daktari wa mbwa wangu ningekupa bila shida.

Ukimya

Naomba kuuliza kwa niaba yangu. Chanjo ya kichaa cha mbwa akishapata mara moja si inatosha maisha?

Msomi wa Wanyama

Haitoshi. Ya kwanza kwa kawaida hutolewa kuanzia umri wa miezi 3, inarudiwa baada ya mwaka, kisha kila mwaka au kila miaka 3 kulingana na aina ya chanjo na sheria ya mahali. Nyota, kadi yake imfuate, usibaki nayo wewe.

Hili halina mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, na katika visa vya binadamu hadi 99% virusi vimetoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Aking'atwa mtu, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Ukimya

Ahsante. Nauliza kwa sababu nimekuwa namfikiria Shaba tangu juzi. Tuko wawili watu wazima, mmoja anafanyia kazi nyumbani. Tuna dume mzee, kahasiwa, hana makuu. Ila mwaka huu tulipoteza mtoto wa mbwa kwa parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuharisha mbwa, pale pale nyumbani. Naweza kumpokea?

Nyota ya Jioni

Ukimya nimekutumia ujumbe!

Wengine: daktari kamwona leo. Masikio safi. Goti la nyuma kulia linatoka kidogo mahali pake, kasema linaweza kuwa linamuuma akishikwa ghafla, kapewa dawa. Kwa hiyo Kiroboto ana hoja. Jana usiku nikawatoa mbwa wengine nikarekodi: kaanza kuhema mara tu mlango ulipofungwa, nikarudi haraka. Kwa hiyo Msomi na Mama Wawili wana hoja.

Jicho la Tatu

Na ujana bado haujakanushwa.

Msomi wa Wanyama

Ukimya, virusi vya parvo vinakaa kwenye udongo miezi mingi, vinaweza kupita mwaka. Mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo asikanyage hapo. Mbwa mkubwa aliyemaliza chanjo zote, ikiwamo ya parvo, hatari yake ni ndogo sana. Nyota ahakikishe kwenye kadi. Sakafu na vyombo osheni kwanza kwa sabuni ndipo dawa ya klorini, ikipakwa juu ya uchafu haifanyi kazi.

Ukimya

Sawa. Na huyu mzee wangu nimkutanishe naye vipi? Nilidhani nimlete Shaba ndani waonane sebuleni.

Tumbili Mweupe

Sebuleni hapana, hapo ni kwake. Wakutane nje, mahali ambapo si pa mmoja wao. Kila mbwa na mtu wake, mtembee upande mmoja mkiwa mbali, msogeleane kidogo kidogo kadiri wanavyotulia. Wakinusana, iwe sekunde chache halafu mwendelee kutembea. Nyumbani waingie pamoja, vyombo vya chakula vyumba tofauti, na vitu vya kuchezea viondolewe kwanza.

Kiroboto

Na kamba zilegee. Kamba iliyokazwa inamwambia mbwa kuna hatari mbele. Mimi ningewaachia kabisa kwenye uwanja wenye ukuta.

Mzee wa Kamba

Huyu ndiye aliyeponyoka mkanda siku ya pili, Kiroboto. Kamba ndefu, mita 5 au zaidi, iburuzwe chini. Mkono usiikaze, lakini mguu uwe karibu wa kuikanyaga.

Kiroboto

Ikizunguka mguu wa yule mzee je? Mbwa wawili, kamba ndefu mbili, wakianza kucheza zinasokotana na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Mzee wa Kamba

Mzee hahitaji kamba, yuko kwao. Iburuze ya Shaba peke yake.

Tumbili Mweupe

Mzee wa Kamba, tumesema wakutane pasipo pa mmoja wao. Kwa hiyo hayuko kwao, na kamba anahitaji.